Sera Bila Umma: Uhakiki wa Wasomi wa Sera wa Berkeley

Kijana anayesomea utawala au mipango katika vyuo vyetu leo hukutana na maneno ambayo baba yake hakuyajua: mzunguko wa sera, walengwa, vigezo, uchambuzi wa njia mbadala. Maneno hayo hufundishwa kana kwamba ni hesabu, yaani kama kitu kisicho na nchi wala tabaka. Lakini nadharia haioti kama uyoga baada ya mvua. Ina mahali ilipozaliwa, ina watu walioilea, na ina swali la kitabaka ililoumbwa kulijibu.

Shabaha ya makala haya ni kuwachambua baadhi ya wasomi mashuhuri wa Shule ya Sera za Umma ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako sehemu kubwa ya elimu hiyo imetoka. Hatukusudii kuwatukana. Kada anayetukana asichokisoma ni mvivu. Kada anayekariri asichokichambua ni kasuku. Wote wawili hawaisaidii kazi ya Chama. Tunachotaka kujua ni hiki: wasomi hawa wameona nini kilicho kweli, hawakuona nini, na kwa sababu gani hawakukiona?

SHULE NA SWALI LAKE

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1969, ikiwa miongoni mwa shule za kwanza za aina yake nchini Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Aaron Wildavsky, mtaalamu wa siasa aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1930 na kufariki mwaka 1993.

Tuikumbuke hali ya wakati ule. Mwaka 1964 Serikali ya Rais Johnson ilikuwa imetangaza vita dhidi ya umaskini. Mwaka 1965 mtaa wa Watts mjini Los Angeles uliwaka moto; mwaka 1967 ikawa zamu ya Newark na Detroit. Fedha zilitolewa, sheria zilitungwa, idara ziliundwa, lakini Mmarekani mweusi wa mjini alibaki bila kazi na bila nyumba ya maana. Watawala wakajiuliza: mbona tunatoa amri na mambo hayatokei? Shule za sera zilizaliwa ili kulijibu swali hilo la watawala. Halikuwa swali la mtu asiye na kazi. Yeye alikuwa na swali lake, nasi tutalifikia.

Baadaye, katika miaka ya 1990, shule ilipewa jina la Richard na Rhoda Goldman, kwa heshima ya fadhila za familia hiyo. Bwana Goldman alikuwa na kampuni ya uwakala wa bima mjini San Francisco. Bibi alitoka katika ukoo wenye kampuni ya suruali ya Levi Strauss. Hatusemi kwamba tajiri akitoa fedha basi kila mwalimu anakuwa kibaraka wake. Huo ungekuwa uchambuzi wa kitoto. Tunasema tu kwamba katika nchi ya kibepari hata shule inayofundisha kuhusu mali ya umma hubeba jina la mwenye mali binafsi, na jambo hilo halimshangazi mtu yeyote.

SOMO LA OAKLAND

Kazi kubwa kuliko zote iliyotoka kwa wasomi hawa ni kitabu ambacho Jeffrey Pressman na Wildavsky walikitoa mwaka 1973, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Utekelezaji". Kinahusu mji wa Oakland, jirani kabisa na Berkeley.

Mwaka 1966 Idara ya Maendeleo ya Uchumi ya Serikali ya Marekani iliamua kutumia zaidi ya dola milioni 23 katika miradi ya ujenzi mjini humo. Mradi mkubwa kuliko yote ulikuwa banda la kutengenezea ndege. Lengo lilikuwa kupata kazi kama 3,000, hasa kwa watu weusi waliokosa ajira. Miaka mitatu baadaye zilikuwa zimetumika kama dola milioni 3 tu, na sehemu kubwa ya hizo ilikwenda kwenye barabara ya juu na malipo ya wasanifu majengo. Kazi zilizopatikana zilikuwa chache mno.

Waandishi hawakusema kwamba kulikuwa na wizi au hujuma. Walisema jambo zito zaidi: karibu kila mtu aliunga mkono mradi, na bado mradi ulikwama. Walihesabu hatua zote ambapo idara moja ilipaswa kuisubiri nyingine, wakapata makubaliano 70 yaliyohitajika. Kada na aifanye hesabu hii mwenyewe. Kama kila makubaliano yana nafasi 99 katika 100 za kufaulu, basi baada ya makubaliano 70 nafasi ya mradi mzima inakuwa chini ya nusu. Ndiyo kusema, nia njema pekee haijengi hata choo. Kila sahihi inayoongezwa katika njia ya mradi inapunguza uhai wake.

Huu ni ugunduzi wa kweli. Haukupatikana kwa kukaa maktabani, maana Wildavsky na wanafunzi wake waliichunguza serikali ya mji wa Oakland kwa miaka kadhaa. Tuwasifu kwa hilo.

Waandishi walikwenda hatua moja mbele zaidi. Walisema kosa lilikuwa pia katika nadharia yenyewe ya mradi: Serikali iliwapa wenye kampuni fedha za mtaji, kisha ikawasubiri waajiri watu kwa hiari yao, badala ya kulipia mishahara moja kwa moja. Hapa wasomi walifika mlangoni kabisa, wakaishia kizingitini. Waliliita jambo hili kosa la nadharia, kosa la kiufundi ambalo mtaalamu makini angelirekebisha. Hawakuuliza kwa nini serikali ya nchi tajiri kuliko zote duniani, inapotaka kumpa kazi mtu maskini, huanza kwa kumpa fedha tajiri. Hilo si kosa la hesabu. Ndiyo tabia ya utawala wa kibepari. Mwenye mtaji ndiye mwenye ufunguo wa kazi, na serikali hubisha hodi kwake kama mwombaji.

Sasa tuangalie upande wa pili wa mji huohuo. Oktoba 1966, Huey Newton na Bobby Seale walianzisha chama cha Black Panther huko Oakland. Mpango wao wa mambo kumi ulidai ajira kwa watu wote, na ukaeleza kwamba kama wenye biashara hawatatoa ajira, basi nyenzo za uzalishaji ziwekwe mikononi mwa jamii. Januari 1969, mwaka uleule shule ya sera ilipofunguliwa Berkeley, chama hicho kilianza kuwapa watoto wa Oakland staftahi bure katika kanisa moja. Sahihi 70 hazikuhitajika. Vilihitajika jiko, chakula cha kuchangwa na watu waliojitolea.

Hatusemi kwamba Black Panther walikuwa na majibu ya kila swali. Walikuwa na makosa yao, na polisi wa siri wa Marekani waliwaandama bila huruma. Lakini tuzipime njia mbili za kuuona mji mmoja. Katika mpango wa Serikali, Mmarekani mweusi wa Oakland anaonekana hasa kama hatari: anaweza kuchoma mji, kwa hiyo apewe kazi. Katika kitabu cha wasomi anaonekana kama mlengwa ambaye mradi haukumfikia. Katika mpango wa Black Panther anaonekana kama mtendaji. Tofauti ya misimamo hii mitatu haitokani na akili ya waandishi, maana wote walikuwa na akili. Inatokana na mahali waliposimama.

MPANGO KATIKA NCHI MASKINI

Mwaka 1974 Wildavsky, pamoja na Naomi Caiden, alitoa kitabu kingine kuhusu mipango na bajeti katika nchi maskini. Hapa maneno yanatuhusu sisi moja kwa moja. Walisema kwamba mipango ya taifa ya miaka mingi imeshindwa karibu kila mahali, kwa sababu nchi maskini haina akiba wala uhakika. Wizara ya fedha, kwa kuogopa kuishiwa, huifanya bajeti upya mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, na mpango mkubwa hubaki pambo la kabatini. Ushauri wao ulikuwa kuachana na ndoto ya mpango kamili na kuimarisha bajeti.

Mtu yeyote aliyewahi kuisubiri fedha ya maendeleo wilayani atakubali kwamba picha hiyo haikuchorwa hewani. Lakini tuulize: ukosefu wa uhakika hutoka wapi? Katika maelezo yao unaonekana kama hali ya hewa, kitu ambacho nchi maskini imezaliwa nacho. Historia yetu inaonyesha vingine. Mpango wetu wa Kwanza wa Miaka Mitano, wa 1964 hadi 1969, ulitegemea mauzo ya katani, na bei ya katani ikaanguka katika soko la dunia. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilibana misaada yake kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza juu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafla.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mashaka hayo yalikuwa na mwenyewe na anwani yake. Msomi anayemshauri mnyonge aache kupanga kwa sababu soko halitabiriki, bila kutaja nani analitawala soko, ametoa nusu ya ukweli. Na nusu ya ukweli, ikitumiwa na wakubwa, hufanya kazi ya uongo mzima.

HATUA NANE NA MTEJA MMOJA

Msomi mwingine wa shule hiyo ni Eugene Bardach, ambaye mwongozo wake wa uchambuzi wa sera, wenye hatua nane, husomwa katika nchi nyingi. Hatua zenyewe ni hizi: eleza tatizo, kusanya ushahidi, unda njia mbalimbali za utatuzi, chagua vigezo, kadiria matokeo, pima unachopata na unachopoteza, amua, kisha eleza hoja yako kwa lugha inayoeleweka.

Mwongozo huu ni mzuri kwa nidhamu ya fikra. Ofisi nyingi zingeokoa fedha kama waandishi wa madokezo wangeanza kwa kueleza tatizo kabla ya kuomba magari. Wala tusiudharau ushahidi. Hilary Hoynes, mchumi wa shule hiyohiyo, pamoja na wenzake walichunguza mpango wa kuponi za chakula ulivyoenezwa Marekani wilaya kwa wilaya kati ya mwaka 1961 na 1975. Walikuta kwamba watoto wa familia maskini waliofikiwa mapema walikuwa na afya bora zaidi ukubwani. Utafiti kama huo ni silaha dhidi ya wale wasemao kwamba kumsaidia maskini ni kumlea uvivu.

Lakini katika hatua zote nane, ni nani mwenye haki ya kueleza tatizo? Mchambuzi humfanyia kazi mteja, na mteja ni mkuu wa idara, mwanasiasa au taasisi. Umma huingia kama ushahidi, kama matokeo, au kama wasikilizaji wa hatua ya mwisho. Hakuna hatua ambapo umma wenyewe unakaa na kusema: tatizo mlilolieleza si letu, letu ni hili.

WAZIRI ANAPOKUWA MWALIMU

Baadhi ya maprofesa wa shule hiyo wamepata kushika madaraka makubwa. Robert Reich alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani kuanzia mwaka 1993 hadi 1997, akafundisha Berkeley kwa miaka mingi, akastaafu ualimu mwaka 2023. Wakati wa uwaziri wake ilipitishwa sheria iliyopandisha kima cha chini cha mshahara, mwaka 1996 na 1997, kutoka dola 4.25 kwa saa hadi dola 5.15. Ndiye pia aliyewaeleza wananchi wa kawaida wa Marekani, kwa vitabu na filamu, kwamba tangu mwisho wa miaka ya 1970 uzalishaji wa mfanyakazi uliendelea kupanda huku mshahara wake ukibaki nyuma. Anaeleza wazi kwamba vyama vya wafanyakazi vilivunjwa nguvu. Katika miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya wafanyakazi walikuwa wanachama. Siku hizi ni karibu mmoja katika kumi.

Huyu ni mtu mkweli. Lakini jina la kitabu chake cha mwaka 2015 linaeleza mpaka wake: kinahusu kuuokoa ubepari. Anataka nguvu za wanyonge zirudishwe ili mizani ikae sawa. Jimbo lake mwenyewe limetoa jibu. Mwaka 2019 California ilitunga sheria iliyofanya iwe vigumu kwa kampuni za usafiri wa kuitwa kwa simu kukataa kuwatambua madereva wao kama waajiriwa. Mwaka 2020 kampuni hizo na wenzao zilitumia zaidi ya dola milioni 200 katika kampeni ya kura ya maoni, zikashinda, madereva wakaondolewa katika ulinzi huo. Mizani iliyowekwa kwa sheria iliinamishwa tena kwa fedha. Ukimwachia simba meno na makucha, mapatano naye yatadumu mpaka atakapohisi njaa.

Mwingine ni Janet Napolitano, aliyekuwa Gavana wa Arizona, kisha Waziri wa Usalama wa Ndani kuanzia mwaka 2009 hadi 2013, kisha Rais wa Chuo Kikuu cha California hadi 2020, na baadaye profesa katika shule hii. Chini ya wizara yake, katika mwaka wa fedha 2012, watu zaidi ya laki 4 walifukuzwa nchini. Mwaka huohuo wa 2012, mwezi Juni, alitia sahihi agizo la kuwakinga vijana walioletwa Marekani utotoni bila vibali. Mwaka 2017 Serikali mpya ilipotaka kuliondoa agizo hilo, chuo alichokiongoza kiliishtaki wizara aliyokuwa akiiongoza, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakipa chuo ushindi.

Haitoshi kusema kwamba huyu ni mwema au mbaya. Mkono mmoja ulifukuza na mkono uleule ulikinga, kwa sababu utawala anaoutumikia unamhitaji mhamiaji shambani na jikoni, na wakati huohuo unamhitaji awe mwoga. Mwalimu aliyeyaendesha mambo hayo ana mengi ya kufundisha. Ila tuone kwamba njia ya kutoka wizarani hadi darasani imefunguliwa wazi, na njia ya kutoka shambani hadi darasani hilo ni nyembamba kama uzi.

TUJIKOSOE

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukiwanyooshea Wamarekani kidole. Lakini uhakiki usiorudi nyumbani ni porojo.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliweka wazi kwamba viongozi na wataalamu hawana haki ya kuwaamulia wananchi mambo yao. Mwaka uliofuata, 1972, tulianzisha Madaraka Mikoani, kwa mpango ulioandaliwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya McKinsey ya Marekani. Serikali za mitaa zikafutwa. Jina lilisema madaraka yanakwenda kwa wananchi. Kwa vitendo yalikwenda kwa maofisa waliotumwa mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mwaka 1982 sheria za kuvirudisha vyote viwili zilipitishwa, na serikali za mitaa zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuviondoa lilikuwa kosa.

Vivyo hivyo mwaka 1971 tulilenga kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani, ndani ya mita 400. Lengo lilikuwa la haki kabisa. Halikufikiwa. Katika vijiji vingi pampu ilijengwa na mhandisi aliyekuja na kuondoka, na ilipoharibika wanakijiji waliitazama kama mali ya Serikali, wakaisubiri Serikali. Hesabu ya Wildavsky inaeleza sehemu ya kushindwa huko. Sehemu ya pili inaelezwa na jambo asilolihesabu: wananchi hawakuwa wenye mradi.

Kwa hiyo ugonjwa wa kumwona mwananchi kama mlengwa si wa mabepari peke yao. Huweza kumwingia hata kada mwenye kadi ya Chama na maneno ya ujamaa kinywani.

KAZI YA KADA

Taifa letu lilizindua Dira ya Maendeleo ya 2050 mwaka 2025. Itahitaji sera nyingi, na wengi watakaoziandika watakuwa wamesoma vitabu vya akina Wildavsky na Bardach. Wasikatazwe kuvisoma. Jembe ni jembe hata likitengenezwa Ulaya. Linalohesabika ni shamba la nani linalimwa. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila mradi wa wilaya uhesabiwe sahihi zake. Kutoka kijiji, kata na halmashauri, hadi mkoa, TAMISEMI na Hazina, ziandikwe idhini zote na muda wa kila moja. Idhini isiyo na kazi ifutwe. Hili tumelipata kwa Wildavsky, nasi tumshukuru.

Pili, kabla ya hatua ya kwanza ya Bardach iwekwe hatua nyingine: tatizo lielezwe na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya mwaka 1982 inautambua mkutano huo, na kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wake. Mahali ambapo mkutano huitwa ili kugonga muhuri tu, kada wa hapo hajatimiza wajibu wake.

Tatu, kila sera iulizwe swali la Oakland: fedha hizi zinaanzia mkononi mwa nani, na mnyonge anazisubiri kwa hiari ya nani? Kama jibu ni kwamba zinaanzia kwa mwenye mtaji na mnyonge anasubiri huruma yake, tujue mapema mradi utakakoishia, hata kama dokezo limeandikwa kwa ufasaha.

Wasomi wa Berkeley wametufundisha kwa nini amri ya mkubwa hufia njiani. Kazi iliyobaki, ambayo hakuna shule itakayotufanyia, ni kuhakikisha kwamba njia yenyewe inaanzia kwa wananchi.